Gauni la Salfa

Leo asubuhi jirani amefungua mfuko wa salfa, na harufu yake imenirudisha utotoni kijijini Mkunya, jikoni kwa mama, nimeshika mwanasesere wa udongo niliyemfinyanga mwenyewe. Nywele nilimpaka masizi. Gauni nililitaka la njano, na njano nyumbani ilikuwa moja tu: salfa, unga wa kupulizia mikorosho dhidi ya ukungu, ambayo baba alikuwa akiinunua kwa wafanyabiashara tangu ushirika ulipoacha kuigawa. Nikachota kidogo, nikaikoroga na utomvu wa mkorosho.

Jioni baba alikuta kamba ya mfuko wa salfa imelegea. Msimu ule salfa ilikuwa ghali na ikiibwa, kila mtu alimchunguza mwenzake. Akamgeukia mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mgeni wetu.

“Shemeji, chumba kile cha salfa unalala wewe.”

Mjomba aliingia jikoni kunywa maji, akamwona mwanasesere anakauka kando ya mafiga, akaniona na mimi. Akamfuta gauni kwa viganja vyake, taratibu, mpaka ukabaki udongo mtupu.

Baba alikuwa ameshasimama mlangoni.

“Hebu nionyeshe mikono.”

Mjomba akainyoosha, ya njano mpaka kwenye kucha. Yangu nilikuwa nimeificha nyuma, na nilikuwa nimeshanawa.