Nyasi za Shamba la Chini

Theuri alikuwa saisi, mtunza farasi, tangu ujana wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili viling'atwa na farasi, na hakuwahi kumlaumu. Alisema yeye ndiye aliyemshtua.

Mwaka wa 1965 Mzungu aliyemwajiri aliuza shamba lake, pale kati ya Kiganjo na Naro Moru, akaacha farasi wanne. Mnunuzi alikuwa Wahome, mwalimu wa zamani aliyetaka kuwakodisha kwa watalii waliokuja kuona mlima. Akamwambia Theuri abaki.

Januari iliyofuata kiangazi kilikausha malisho yote. Nyasi zilizosalia zilikuwa za shamba la chini, kando ya mto, ambako hakuna mnyama aliyelishwa kwa zaidi ya mwaka. Theuri na mkewe Wachuka walizikata kwa panga wiki mbili, wakazianika, wakajaza ghala.

Asubuhi moja ya Juni, Theuri alimkuta Sukari, farasi jike mweupe, akipiga miayo. Mwayo baada ya mwayo, meno nje, kama mtu aliyekesha matangani. Baada ya siku nne alimkuta amesimama kwenye kona ya banda, paji la uso limebanwa kwenye ukuta wa mawe. Alikuwa anausukuma. Hakusukuma kwa hasira. Alisukuma kama anayefungua mlango mzito. Theuri alimwita, akamshika sikio. Sikio halikutikisika.

Julai ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukakaa. Mchana kutwa Theuri alisikia kwato bila kuona farasi. Alipofuata sauti hiyo alimkuta Sukari akizunguka mti mmoja, na nyuma yake dume jekundu, vichwa chini, wote wawili kwenye duara waliyoikanyaga mpaka udongo ukaonekana. Aliwasimamia njiani. Wakamjia bila kupunguza mwendo, ikabidi aruke pembeni. Siku ya pili Sukari aliacha duara, akanyoosha njia, akapita katikati ya seng'enge kana kwamba haipo, akaingia mtoni. Walimtoa amekufa.

Vibarua wakaanza kusema. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya kudai uhuru, walisema, watu walizikwa huko chini bila sala, sasa wanawaita wanyama wa Mzungu. Hakuna aliyepita tena karibu na banda. Theuri mwenyewe, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, aliacha kugeuzia ukungu mgongo.

Wahome alikuja na uso mgumu. "Theuri, umewapa nini hawa farasi?"

"Ile tu wanakula kila siku, mwalimu."

Dume jekundu lilipokufa, Wahome alimwita Njagi, afisa wa mifugo, mtu wa Embu asiyependa maneno mengi. Njagi akapasua mzoga palepale malishoni. Ini lilikuwa dogo na gumu. Kisu kililikata kwa sauti, kama kinakata soli ya kiatu.

"Nionyeshe nyasi," akasema.

Ghalani alichambua mafungu polepole, akatoa shina moja, la pili, la kumi, yote na vichwa vidogo vya manjano vilivyokauka.

"Hii imetoka wapi?"

"Shamba la chini," Wachuka alijibu. "Ilikuwa imejaa maua. Nikaona ni mazuri."

"Ikiwa mbichi farasi anaiacha, kwa sababu ni chungu. Ikishakauka ndani ya nyasi hatambui, lakini sumu inabaki. Haiui leo. Inakula ini miezi na miezi, halafu uchafu unapanda kichwani. Ndiyo unaona wanatembea hivyo, mzee. Hakuna mtu anawaita."

"Na hawa wawili wamebaki?" Theuri akauliza.

"Usiwape tena. Halafu ungoje."

"Ningoje nini?"

Njagi alifuta kisu chake. "Miayo."

Walichoma ghala lote la nyasi siku hiyo. Wachuka alisimama mbali na moshi.

"Ni mimi nilikata, Baba Ngendo."

"Tulikata pamoja," Theuri akasema.

Kisha akangoja. Alileta kiti bandani, akakaa akitazama midomo miwili. Farasi walikula vizuri, manyoya yaling'aa, wakamnusa mfukoni. Agosti ikapita. Katikati ya Septemba, jua likiwaka, jike dogo la kahawia aliacha kula, akainua kichwa, akafungua mdomo wazi kabisa. Theuri hakumwita mtu. Siku tisa baadaye jike huyo alipoanza kutembea, Theuri alitembea naye, mkono juu ya shingo yake, duara baada ya duara, mpaka saa kumi jioni farasi alipoanguka.

Wa nne alinusurika. Wahome alimuuza Nanyuki, na Theuri akapata kazi kwenye kiwanda cha kahawa upande wa Karatina. Lakini kabla ya kuhama, yeye na Wachuka walikwenda shamba la chini kwa majembe, wakang'oa mimea ile kwa siku nyingi. Mvua ikanyesha kabla hawajaondoka, na mimea ikachipua tena. Majirani wengi walikuwa na punda, na watoto ndio waliowachunga. Watoto hao walipomuuliza kama ni kweli kule chini kuna wafu wanaoita, Theuri aliwaeleza kwanza habari za mmea wa maua ya manjano. Wakacheka. Ndipo akawaambia ndiyo, wapo, wasipeleke punda huko.