Kila Dirisha na Uzi Wake

Siku ya kwanza, mwenye duka la vitambaa alidhani yule binti kaja kununua. Kumbe cherehani alikuwa nayo kichwani, na alichotaka ni kona ya baraza.

"Baraza hili lina kiti changu," mwenye duka alimwambia, "na kiti changu kina mimi."

"Kiti kinahamishika, mzee. Cherehani yangu ikishatua, haihami."

Ulimi anao, mwenye duka aliwaza. Lakini mtu aliyeanza kwa kutembeza leso begani mpaka akafungua duka haachii mahali pazuri kwa sababu ya ulimi. Wala hamfukuzi mtu kabla hajajua atamfaa nini. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya mapazia ya zahanati mpya, madirisha ishirini, na shemeji yake, fundi wake wa miaka yote, alishaanza kulalamika kwamba mikono ni miwili tu.

"Kumi ashone shemeji, kumi ushone wewe. Ijumaa tunatundika. Yako yakikaa sawa, baraza ni lako. Likikosea hata moja, beba cherehani yako, nisikuone tena."

Akamkabidhi karatasi ya vipimo. Binti akaigeuza mbele na nyuma.

"Hapa pana dirisha moja tu, mzee. Mengine?"

"Mengine ni ndugu zake. Baba mmoja, mama mmoja."

"Bibi yangu alishona mpaka macho yakagoma, na namba hakuzijua. Kila mteja alikuwa na uzi wake ukutani, umefungwa kijitambaa cha kumtambulisha. Kwetu hata mapacha hawapimwi kwa uzi mmoja."

Shemeji, futi shingoni kama daktari, alicheka nusura ameze pini. "Nenda basi kawapime, na uwaamkie!"

Binti akaenda. Siku mbili nzima alipanda na kushuka ngazi ya kuazima, huku mlinzi wa zahanati akisimulia kila mpita njia kwamba kuna mtu mle ndani anayafunga madirisha nyuzi. Mwenye duka alipopita kumkumbusha kuwa Ijumaa haisogezwi, alimkuta magoti yamechubuka na hajakata hata pazia moja. Shemeji alikuwa ameshamaliza sita. Mwenye duka akarudi zake akipiga mluzi. Kiti chake kilikuwa salama.

Ijumaa, pazia la kwanza la shemeji likakaa vizuri, maana ndilo la dirisha lililopimwa. La pili likaning'inia juu juu, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. La tatu likafika sakafuni.

"Mzee," muuguzi mkuu akauliza, "hili ni pazia au zulia?"

Kumbe mwashi aliyejenga zahanati naye alikuwa mtu wa kukadiria kwa jicho. Shemeji akakumbuka ana mgonjwa wa kumwona mahali.

Binti akatoa nyuzi zake, akalinganisha vijitambaa, akatundika. Yote kumi yakagusa kingo za madirisha, si zaidi, si pungufu.

Njiani mwenye duka alijaribu bahati yake. "Usisahau aliyekupa nafasi."

"Sisahau, mzee. Nafasi yako, uzi wa bibi. Na haya magoti?"

"Hayo nakuachia mwenyewe."

Wakacheka, na cherehani ikatua barazani jioni ileile.

Sasa ukuta wa baraza umejaa nyuzi, na kila anayekuja kupimwa hununua kitambaa ndani kwanza. Shemeji alifumua mapazia tisa, na siku hizi hupanda ngazi mwenyewe. Mwenye duka anauza kuliko zamani, ila kiti chake kiko kati ya majora, mahali asipoona hata paka akipita. Juzi alikisogeza mpaka mlangoni.

"Unaziba wateja, mzee."

"Shubiri mbili tu, mwanangu."

"Niletee wateja watano, tutazungumza."

Mwenye duka akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe angeanzia kumi. Mpaka jana alikuwa ameshaleta watatu.