Mabinti Watano wa Jangwani

Baba yangu mkubwa alikuwa na Biblia yenye jalada la ngozi na zipu, na sidhani kama aliwahi kuisoma kurasa kumi mfululizo maishani mwake. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu, huku juu ya Usa River, kwenye miteremko ya Meru ambako migomba na kahawa vimebanana. Alichokuwa nacho ni mistari, na kila mstari ulikuwa na kazi yake. Jirani alipojenga banda la nguruwe karibu na uzio wake, alimfungulia Mambo ya Walawi na kumthibitishia kwamba mnyama yule ni najisi. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mimi mwenyewe Usa River mbele ya sinia la kitimoto, nyama ya nguruwe yuleyule najisi, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuacha kutafuna.

Watu walimwogopa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Watu wazima wenye akili zao walinyamaza mara tu zipu ile ilipofunguliwa, kana kwamba Mungu mwenyewe amekohoa. Nami nilinyamaza pamoja nao.

Baba alipofariki alituacha mabinti watatu. Mama alikuwa ametangulia miaka mingi. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini, Kaloleni, nikifundisha shule ya msingi. Dada yangu wa pili alikuwa ameolewa na Mchaga, wakiishi mjini pia, Daraja Mbili. Dada mkubwa ndiye aliyeacha biashara yake ya mitumba akarudi nyumbani kumuuguza baba kwa miaka minne, akimgeuza kitandani asubuhi na jioni, na katikati akihudumia kahawa. Tulipoanua matanga, hata wiki haikuisha, baba mkubwa akaitisha kikao cha ukoo.

Wanaume waliketi kwenye viti vya plastiki vya msibani ambavyo vilikuwa bado havijarudishwa. Sisi tuliketi kwenye benchi pembeni. Akafungua zipu. Alisema kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba shamba ni la ukoo, kwamba binti ni mgeni kwao, na kwamba kwa hiyo shamba litachukuliwa na mwanawe wa kwanza. Akasoma mahali ambapo wanawake wanatakiwa kunyamaza kanisani, ingawa tulikuwa uani, na kuku walikuwa wanapita. Kisha akarukia Kumbukumbu la Torati, haki ya mzaliwa wa kwanza, na hapo akapandisha sauti ya mimbari. Akina baba wadogo wakaitikia kwa vichwa. Dada mkubwa alikuwa akiitazama mikono yake.

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia sheria ya nchi. Nilikuwa hata na karatasi. Nilisimama, nikasema sentensi mbili, naye akanikatiza kwamba sheria za wanadamu hupita. Nikaketi. Mwalimu mzima, kazi yake kuwafundisha watoto wa watu kujieleza, nikaketi.

Bibi, aliyemzaa yeye na kumzaa marehemu, alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Alijifunza kusoma katika darasa la kipaimara akiwa msichana, na Biblia aliyopewa siku ile ndiyo kitabu pekee alichowahi kumiliki. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile orodha za majina ambazo wachungaji wenyewe huziruka, kisha akaanza upya. Hakuwahi kumhubiria mtu.

"Mwanangu," alisema, "hebu nisomee Hesabu, sura ya ishirini na saba."

Baba mkubwa akaanza kutafuta. Akaenda Zaburi. Akarudi Mwanzo. Akapotelea kwa Waebrania. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kwa upya wake, na tulizisikia zikiachana. Bibi alichoka kungoja, akasimulia mwenyewe kwa Kimeru. Mtu mmoja alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Mabinti zake watano wakasimama mbele ya Musa na wazee wote, wakadai fungu la baba yao. Musa hakuwajibu kwa akili zake, alikwenda kumuuliza Mungu, na Mungu akasema mabinti wale wana haki, wapewe.

Baba mkubwa alisema hayo ni ya Agano la Kale, sisi tuko chini ya neema.

"Na hiyo Torati uliyotusomea sasa hivi," bibi akauliza, "ni ya agano gani?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani kicheko kingemsaidia. Kikao kikafungwa kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali, na shamba likaandikishwa kijijini kwa majina yetu matatu.

Ningependa kusema alijifunza kitu. Mwaka uliofuata akina mama wa usharika walimwalika kuzungumza katika siku yao, naye akasimulia habari za wale mabinti watano, machozi yakimlengalenga, kama mtu aliyeifukua habari ile kwa jembe lake mwenyewe. Alipigiwa vigelegele. Dada mkubwa alitoka nje.

Hapo ndipo nami nilipoisoma habari ile, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kumcheka mtu. Niliendelea mbele, na katika sura ya thelathini na sita nikakuta kwamba wanaume wa kabila lile walirudi kulalamika, na mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila lao tu, ardhi isije ikahama. Nikamkumbuka shemeji yangu Mchaga.

Nilimfuata bibi jikoni, akimenya ndizi, nikamuuliza kama anaijua sura hiyo.

"Naijua."

"Mbona hukuisema siku ile, bibi?"

"Kitabu kilikuwa mikononi mwake," alisema. "Angesoma."

Akaendelea kumenya. Nikavuta kisu cha pili, nikakaa kumsaidia.