Muuguzi wa Wodi ya Kifua

Muuguzi wa wodi ya kifua hakuwa na haraka na kijiko. Alisubiri mgonjwa avute pumzi na kuishusha, ndipo akamlisha. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kwa sabuni, na sauti yake nene ilifika hadi kitanda cha mwisho. Siku moja fundi seremala, aliyebaki mifupa mitupu, alikaza mdomo.

“Nashinda nimelala tu, mwanangu. Chakula cha nini?”

Muuguzi akaushika mkono wa fundi, akauweka juu ya kifua chake mgonjwa mwenyewe. “Sikia moyo huo, baba. Wewe umelala, wenyewe haujalala. Kila chembe hai mwilini mwako inachukua chakula na hewa unayovuta, inakiunguza taratibu, ndiyo hiyo nguvu, ndilo hilo joto. Usipokula, mwili utajitafuna wenyewe.”

Fundi akafungua mdomo.

Juma lililofuata muuguzi alimkuta ameketi, anajilisha.

“Kumbe leo umenifuta kazi, baba!”

“Basi kaa upumzike. Leo chai namimina mimi.”

Akainua chupa kwa mikono yake miwili iliyokonda. Nusu ya chai iliingia kikombeni, nusu ikamwagika kwenye sinia. Muuguzi akakipokea kikombe, akainywa chai yote, polepole, huku fundi akimtazama kama mtu anayelipa deni la siku nyingi.