Avaria Nne za Lori la Kooperativa

Lori la kooperativa yetu, ushirika wa pale Mocímboa da Praia, liliachwa na mzungu wa mashamba ya minazi aliyeondoka ulipokuja uhuru. Kipimo chake cha kilomita kilikuwa kimezunguka mpaka mwisho na kurudi sifuri, si mara moja. Kwa hiyo kamarada mkuu wa usafiri, aliyeletwa kwetu kutoka kusini, alipolikagua mara ya kwanza aliandika kwamba ni gari jipya. Mimi ndiye niliyekuwa dereva. Nilijua sifuri ile ni ya uzee, lakini sikuulizwa.

Kisha mama yangu akafariki huko Quiterajo. Habari zilinifikia asubuhi. Nikawasha lori, likatoka mjini likikohoa, likatoa moshi mweusi, likachemsha maji, likasimama. Mama alizikwa siku ile ile, nami nimekaa juu ya debe kando ya barabara. Sikulia. Nilijiambia tu kwamba arobaini yake sitaikosa, hata nikilisukuma lori kwa mabega.

Siku zilizofuata lori lilifanya kazi za karibu karibu, bandarini na sokoni, likipumzika kama mgonjwa. Arobaini ikaangukia Ijumaa. Kooperativa ilikuwa imeniruhusu kupeleka mchele na sukari, maana Quiterajo wakati ule huwezi kuviona dukani. Jumatatu lori lilikuwa bado lile lile.

Ukutani kwenye ofisina, karakana ya wilaya, palikuwa na karatasi yenye orodha ya avaria, yaani hitilafu, zote ambazo gari linaweza kupata, kila moja na namba yake. Ili fundi aguse gari, lazima ipatikane fomu, na fomu moja ilibeba namba moja. Lori letu lilikuwa na avaria nne: namba tatu, kuchemsha maji; namba saba, moshi mweusi; namba tisa, kukosa nguvu mlimani; na namba kumi na mbili, honi bubu. Na kwa kuwa lori ni mali ya wananchi, namba ya kutengenezwa ilichaguliwa na wananchi, mkutanoni, kila Jumanne, kwa kunyoosha mikono.

Jumanne ile mkutanoni mkuu alizungumza Kireno, nami kwa darasa langu la nne nikatafsiri.

"Hii ni hujuma," alisema. "Mkoloni aliliharibu kabla ya kuondoka."

"Mkoloni kaondoka zamani," fundi akajibu. "Lori limeanza kuumwa juzi."

Akasimama shangazi mmoja muuza samaki. "Mimi nataka honi. Juzi nimejitwika ndoo, nageuka, lori hili hapa mgongoni kama mume mwenye wivu!"

"Shangazi, honi haivuti gari," fundi akamwambia.

"Haivuti, lakini inanikinga mimi. Na wewe mwanangu, mwambie huyo bwana wako, aliyeandika gari jipya akapimwe macho."

Nikamwambia mkuu. Fundi alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye macho. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.

Namba tatu ikashinda, kwa sababu mvuke kila mtu ameuona. Honi ikawa ya pili. Jumatano fundi akasafisha rejeta, akabadilisha mpira, akaziba matundu. Tukalijaribu kwenye mwinuko mdogo wa kutokea mjini kuelekea Diaca. Lilipofika katikati likachemka, likatoa moshi, likaanza kurudi nyuma taratibu, kwa adabu.

"Namba nyingine ni Jumanne ijayo," nikasema tulipolirudisha ofisina.

Fundi akaniangalia. Alijua arobaini ni lini. "Kaka, mtu akiwa na homa, anatapika, anahara, tunaita mikutano mitatu? Ugonjwa ni mmoja. Lori limeanza kuumwa lini?"

"Tangu niliporudi kutoka Quiterajo safari ya mwisho. Kwenda lilikuwa zima."

"Huko ulifungua nini?"

Nikakumbuka. Nilisafisha chujio la hewa uani kwa mama. Yeye alinishikia kifuniko, akauliza kitu hiki ni cha nini. Nikamwambia, "Hapa ndipo linapopumulia." Kisha nikaingia ndani kunywa chai.

Fundi hakusubiri fomu. Akafungua chujio, akaingiza vidole kwenye bomba linaloelekea kwenye injini, akavuta, akavuta tena. Kikatoka kifuko cha kitambaa, kimevimba kwa mafuta, ukubwa wa yai la bata. Nikalitambua pindo la kanga. Nikautambua na mshono, maana mama alishona hatua fupi fupi kama anayeiogopa sindano. Ilikuwa hirizi ya kunilinda njiani. Alikuwa ameiweka pale lori linapopumulia, likakosa pumzi, nami nikakosa kumzika.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi akageukia upande mwingine, kwa sababu kicheko kile hakikumalizika kama kicheko.

Ndipo mkuu akatokea mlangoni. Hirizi kwake ilikuwa ujinga wa zamani, na mikutanoni alikwisha kusema kwamba mtumishi atakayekutwa nayo ataacha kazi.

"Mwambie ni tambara," fundi akaninong'oneza.

"Ni hirizi," nikasema. "Aliiweka mama yangu. Ndiyo iliyoziba hewa. Tatu, saba na tisa zote ni hii."

"Mama yako aje ofisini ajieleze."

"Amefariki, kamarada. Arobaini yake Ijumaa."

Akaenda ukutani, akaisoma orodha kwa kidole kutoka juu mpaka chini, kisha akairudia kutoka chini mpaka juu.

"Hirizi haimo," akasema. "Kisichokuwa kwenye orodha si avaria. Basi gari halina avaria. Kwa nini limesimama hapa?"

Alhamisi nikapakia mchele na sukari. Lori lilipanda mwinuko likiimba. Honi tu ndiyo ilibaki bubu, na fundi alikuwa ameapa kwamba ile hajui kwa nini, waya wake mzima. Quiterajo nilifika kabla ya alasiri. Kesho yake tulisoma hitima, watu wakala wali wakashiba, nami nikakaa palepale kwenye mkeka ambapo nilipaswa kukaa siku ya kwanza.

Watu walipotawanyika nikamwonyesha dada yangu kile kifuko. Hakushangaa.

"Mimi ndiye niliyemtungia uzi," akasema. Kisha akaniangalia. "Uliikuta hiyo moja tu?"

Nikaenda nje. Nikainama, nikachungulia kwenye mdomo wa honi. Pindo la kanga ile ile lilikuwa ndani kabisa, limekaa vizuri, halimsumbui mtu.

Nikaliacha. Miaka yote iliyobaki ya lori lile nilipiga honi kwa mdomo, kichwa nje ya dirisha, na yule shangazi muuza samaki alinitukana mpaka lori lilipokufa.