Mama Anataka Nimkane Ndio Nipate Kitambulisho

Admin, ficha jina langu, hapa Kitale watu wananijua. Mimi ni msichana wa miaka 24. Nimezaliwa hapa na nikasoma hapa mpaka fomu foo, lakini sina kitambulisho kwa sababu wazazi wangu walitoroka vita Burundi. Baba alikufa nikiwa mdogo. Mama amenilea akiuza mboga sokoni.

Bila hicho kitambulisho, kipande tunavyokiita, wewe si mtu. Nilipata nafasi ya kusomea unesi, ikapita. Hata laini ya simu imesajiliwa kwa jina la rafiki. Juzi polisi walisimamisha gari yetu Moi's Bridge. "Kipande iko wapi?" Nikasema bado sijapata. "Na ukubwa wote huu?" Nikashushwa na gunia langu la viazi, wenzangu wakaenda. Nimepeleka ukweli wangu kwa ofisi nikachoka. Ni rudi kesho, rudi kesho, mpaka askari wa geti sasa ananisalimia kwa jina.

Kuna mzee mmoja Bungoma, mama alimfanyia kazi ya nyumba zamani. Mke wake alishafariki. Ni mtu mzuri, hajawahi kunikosea. Amesema atanipeleka kwa chifu aseme mimi ni binti yake. "Kwetu mtoto hafukuzwi," aliniambia.

Nilidhani mama atakataa. Wapi! Jumapili tukichambua sukuma wiki akasema, "Mimi siendi. Wale wazee wa kukagua wanaoomba kitambulisho wakisikia hii lafudhi yangu, umekwisha. Wakiuliza mimi ni nani, sema nilikuwa yaya wako."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Hata ukiolewa, mimi nitakaa huko nyuma na wageni."

Nikaanza kulia. Akanikasirikia sana. "Ati unanionea huruma? Nilivuka mpaka miguu ikiwa imefura ndio wewe uishi kama watu. Ama unataka tuzeekee sokoni sisi wawili?" Tangu hapo haongei na mimi. Amepanga nguo zangu kwa begi, ameiweka mlangoni.

Mzee anakuja Jumatatu. Najua kudanganya serikali ni makosa, lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Nikienda, siku ya kumzika mama nitasimama pale kama nani? Nisipoenda, ataona aliteseka bure.

Wakubwa kwa wadogo, nishaurini, nifanye nini? Na tafadhali, asiniambie mtu nirudi kwetu. Kwetu ni hapa.