Oili ya Gari Inapanda Tangu Mama Alipokuja

Admin, nifichie jina kabisa, maana mume wangu naye anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, tunaishi hapa Bariadi mjini na watoto wetu. Jina la mtoto nimebadilisha. Mkiona nimekosea kuandika, msimcheke mwalimu.

Mume wangu si mtu mbaya. Ananunua choroko na dengu vijijini kwa pikipiki yake. Gari tunalo, kagari kadogo ka turbo, na analipenda kuliko anavyokubali. Kila Jumamosi anafungua boneti, anachomoa stiki ya oili, anaifuta, anapima tena, utafikiri nesi na homa ya mtoto. Gari lilikuwa linatoka tukienda mbali tu. Shuleni ni karibu, nilikuwa natembea.

Baada ya mavuno mama yangu mzazi akaletwa kutoka kijijini kwetu Zagayu, ana kidonda mguuni kimegoma kufunga. Nikaanza kumpeleka hospitali kwa gari kila asubuhi kusafishwa, namrudisha, ndipo nakimbilia shuleni na gari hilohilo. Safari zote ni za hapa na hapa. Unawasha, unazima, injini haijapata moto.

Ndipo oili ikaanza kupanda. Mnaojua magari mnajua oili hupungua. Yetu ilipanda mpaka ikapita alama ya juu, nyepesi, inanuka petroli. Mume wangu akaimwaga, akaweka mpya. Ikapanda tena. Akasema kuna mtu anamiminia petroli kwenye injini ili aiue. Akafunga uzi kwenye boneti kwa siri, mimi tu ndiye niliyejua, ili amnase anayefungua.

Jumamosi ikafika, uzi uko vilevile, na oili imepanda. Mimi nikashusha pumzi, nikamwambia, "Baba Kulwa, umeona sasa, hakuna mtu." Akauangalia ule uzi, akasema taratibu, "Basi hafungui kwa mikono."

Akaniuliza hii kitu imeanza lini. Akajijibu mwenyewe, "Tangu mama yako alipokuja."

Sisi Wasukuma mnatujua, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Mama akisikia pikipiki getini anatoka sebuleni, anaenda jikoni nyuma, anajitanda kanga na kumwamkia akiwa hukohuko. Zamani mume wangu aliisifu heshima hiyo mbele za watu. Siku hizi anasema, "Anakimbia nini?" Na salamu haitikii. Mama kaniuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, mkwe nimemkosea nini?" Nikamwambia amechoka na kazi.

Nikaenda kuuliza kwenye grupu la mtandaoni la wenye magari, wengi wao wa Dar. Wakanijibu wengi kwamba hizi injini ndogo za turbo, zikiendeshwa safari fupifupi bila kupata moto, petroli nyingine haiungui, inapenya pembeni mwa pistoni na kushukia kwenye oili. Ukienda safari ndefu, injini ikapata moto vizuri, ile petroli inakauka, oili inashuka. Nilikaribia kulia kwa furaha, maana tulishaenda msibani mbali, Mwamanyili, na tuliporudi oili ilikuwa imeshuka kweli! Nikamkimbilia mume wangu na simu. Alisoma yote, sitamsingizia. Kisha akanirudishia simu. "Hao wa Dar hawamjui mama yako. Na tulipoenda Mwamanyili, nani alibaki nyumbani?"

Mama ndiye aliyebaki.

Ndugu zangu, kinachonitisha ni kwamba mambo anayoyasema yote yametokea. Ilianza Mama alipokuja, na ilishuka tulipokuwa mbali naye. Ila sababu ni zile safari za kidonda, na hilo hataki kulisikia.

Juzi akampigia kaka yake wa Ipililo, simu iko spika, mimi namenya viazi. Shemeji akasema, "Usigombane na mkeo. Huyo bibi mrudisheni kwao taratibu, halafu mwendelee kupima oili. Ikitulia, tumeshamjua. Mengine niachie mimi." Mume wangu akaitikia, "Sawa, kaka."

Hayo mengine mdomo wangu haukuthubutu kuyauliza. Nimekulia Zagayu. Najua bibi akishatajwa kuwa mchawi, maneno yanafika nyumbani kabla yake. Mama anaishi peke yake, na mlango wake anaufunga kwa kamba.

Na oili itatulia, hilo nina hakika nalo. Mama akiondoka, hospitali hakuna, mimi nitarudi kutembea kwenda shuleni, gari litatoka kwa safari za mbali tu. Jumamosi mume wangu atachomoa ile stiki, ataona oili iko palepale, na mama yangu atakuwa ameshahukumiwa na gari. Nimewaza hata niendelee kulizungusha mjini kwa siri, liwake lizimike, oili ipande wakati Mama hayupo. Lakini nawajua. Watasema ameniachia mimi uchawi wake, na baada yangu nina binti.

Hospitali wamesema kidonda kimefunga. Mama amefurahi kama mtoto, amefua kanga zake, amewafungia wajukuu wa Zagayu biskuti kwenye mfuko. Hajui lolote. Leo asubuhi mume wangu ameitikia salamu yake kwa mara ya kwanza tangu uzi ule, akamwambia, "Jumapili nitakupeleka mwenyewe, mama." Mama amemshukuru huku amepiga magoti.

Wenye mama zenu, nishaurini. Nimwambie nini mtu aliyepona, asirudi nyumbani kwake?